Kabla ya kununua aparei ya foto, zima flashi kwanza

Tangu nianze kuweka foto zangu mwenyewe kwenye ukurasa huu, swali ninaloulizwa zaidi si juu ya barabara wala juu ya umeme. Watu wananisimamisha sokoni Kikula: "Wewe wa redio, ninunue aparei gani ya foto?" Mmoja anataka foto za ubatizo wa mtoto. Mwingine amefika hapa Likasi na jamaa yake baada ya kukimbia, foto zake zote zilibaki kule au ziliungua pamoja na nyumba, na anataka kuanza upya. Kila mara najibu kwa kifupi kwa kuwa nina haraka, halafu nikifika nyumbani najilaumu. Leo najibu kwa urefu. Nitaeleza pia kosa langu, maana bila lile kosa nisingekuwa na jibu lolote la kuwapa.

Kosa nililifanya kwa mzee mmoja anayekaa lupango la tatu kutoka kwetu. Yeye ni mtu wa Moba, kwenye ziwa Tanganyika. Ujanani kazi yake ilikuwa kuzamia majini na wavu mdogo, kukamata samaki wakiwa wazima ili wauzwe kwa watu wa mbali wanaowafuga ndani ya masanduku ya kioo. Wengi wetu hatujui kama kazi hiyo ipo. Ziwa lile lina kina cha karibu mita 1,470, na limekaa peke yake mamilioni ya miaka, kwa hiyo lina samaki wengi ambao hawapatikani pengine popote duniani. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, aliyekaa Bujumbura, alikuwa kati ya waliowapeleka samaki hao ng'ambo kwa wingi tangu miaka ya 1970. Kuna samaki anayeitwa kwa jina lake, Neolamprologus brichardi, na jina hilo alilitoa mtaalamu Max Poll mwaka 1974. Hata leo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamtafuta samaki mmoja wa buluu mwenye nundu kichwani, nao wanamwita kwa jina la Moba. Mzee akisikia hivyo anacheka: "Jina la kwetu limefika Ulaya, mimi nimeishia Likasi."

Alikimbia na mke wake na wajukuu wanne wakati wa mapigano ya Tanganyika, wakapitia Pweto na Lubumbashi mpaka wakafika hapa. Walibeba sufuria, vikwembe na karatasi za ubatizo. Foto hazikubebwa.

Miaka miwili baadaye mtoto wa dada yake alimletea samaki ndani ya mfuko wa plastiki. Ni wadogo kuliko kidole, wale wanaoishi ndani ya nyumba tupu za konokono chini ya ziwa. Mzee akaunganisha vioo, akatengeneza sanduku. Maji ya ziwa lile ni magumu, basi akaenda kuokota mawe ya Kakontwe, yale yale ya chokaa tunayoyajua sote, akayapanga chini. Samaki wakakaa, wakazaa. Majirani walimcheka sana: mtu hana bukari ya kutosha, anafuga samaki asiyeliwa! Lakini wajukuu wawili wa mwisho hawalikumbuki ziwa, na kila jioni wanakaa mbele ya lile sanduku huku nkambo wao akiwaeleza.

Siku moja aliniomba foto. Alitaka mke wake aketi karibu na sanduku, wajukuu wakimzunguka, foto ipelekwe kwa binti yao aliyebaki upande wa Kalemie. Tena alitaka foto ya samaki wenyewe, wakubwa, waonekane macho na mistari.

Nilikwenda saa moja jioni, baada ya kazi. Nilikuwa nimenunua Nikon D3200 iliyotumika, kule Lubumbashi, dola 180, pamoja na lenzi yake ya 18-55 (huku kwetu wengine tunaiita objektifu). Chumba kilikuwa na giza. Aparei ikafungua flashi yake yenyewe, nami nikapiga foto kama thelathini. Mama aliweka mkono juu ya kioo, watoto wakatulia. Kwenye skrini ndogo kila kitu kilionekana kizuri, nikaaga.

Nyumbani nikazifungua kwenye komputa. Kila foto ilikuwa na mwezi mweupe katikati ya kioo. Watoto waliokaa mbele walikuwa weupe kama unga, macho mekundu. Mama, aliyekuwa nyuma kidogo, alikuwa kivuli: kitambaa cha kichwa kinaonekana, uso hauonekani vizuri. Samaki hata mmoja hakuonekana.

Hapo ndipo nilipokosa. Nilijiambia: chombo hiki ni dhaifu, nitanunua lenzi nzuri, halafu nitarudi. Ningerudi kesho yake mchana, nikafungua mlango na kuzima flashi, ile ile D3200 ingetosha.

Badala yake nilikusanya pesa. Miezi mitatu. Nikanunua lenzi ya 50mm f/1.8D kwa mtu aliyeniuzia kwa bei nzuri, nikaifunga, na haikulenga. Sikuwa nimeuliza. Nikon ndogo, zile za namba 3000 na 5000, hazina mota ndani ya mwili wake, na lenzi zilizoandikwa AF-D zinangojea kuzungushwa na mota ya mwili. Zenye mota yake zimeandikwa AF-S au AF-P. Herufi moja tu imenila miezi mitatu. Ukienda kununua lenzi, nenda na aparei yako, uifunge palepale, ulenge kitu mbele ya macho ya muuzaji.

Tulikuwa katikati ya mvua mama alipoanza kuugua. Nilipita kumsalimia mara mbili, na mara zote mbili sikubeba aparei, kwa sababu lenzi nzuri ilikuwa bado. Alifariki kabla ya Pasaka. Kwenye kilio mzee hakuniuliza kitu juu ya foto. Ni mjukuu mkubwa ndiye aliyeniuliza.

Sasa jibu.

Anza na mwanga. Mambo ya aparei yatafuata. Mwanga unapogonga kioo unarudi kama mpira uliotupwa ukutani: ukiutupa moja kwa moja, unakurudia. Flashi iliyo juu ya aparei iko karibu sana na lenzi, ndiyo maana unapata mwezi kwenye kioo, na ndiyo maana macho ya watu yanakuwa mekundu: ni mwanga uliorudi kutoka kwenye damu iliyo nyuma ya jicho. Dawa ni kuiondoa flashi mbele, au kutoitumia kabisa.

Kwa foto za jamaa, keti watu karibu na mlango ulio wazi, uso ukielekea nje, au nje kwenye kivuli cha ukuta saa kumi za mchana. Chini ya jua la saa sita macho yote yanakuwa mashimo. Jambo lingine ambalo fundi wachache wanakuambia: kipimo cha mwanga ndani ya aparei kinataka kila kitu kiwe cha kijivu cha katikati. Ukiwaweka watu weusi kama sisi mbele ya ukuta mweupe, kinaona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na nyuso zinapotea. Tafuta kitufe cha + na −, ongeza mpaka +1, angalia uso, usiangalie ukuta. Mbele ya mlango wenye giza ni kinyume chake, punguza.

Kama lazima utumie flashi ndani ya nyumba, nunua ile inayokaa juu ya aparei na kugeuza kichwa, uielekeze kwenye dari nyeupe. Mwanga unashuka laini kama wa dirisha. Lakini angalia juu kwanza! Nilijaribu hivyo ndani ya kibanda cha turubai la buluu, na jamaa nzima ikatoka na rangi ya buluu. Mwanga unachukua rangi ya kitu unachogonga. Pale ambapo hakuna dari, shuka nyeupe iliyotandazwa na watu wawili inafanya kazi ile ile, na watoto wanapenda kuishika.

Juu ya mwili wa aparei sitasema mengi. Nikon au Canon iliyotumika, ya miaka kumi iliyopita, inatosha kwa ukuta wa nyumba yoyote ya Likasi. D3200 yangu ni ya mwaka 2012 na ina megapikseli 24. Sijawahi kuhitaji zaidi. Pesa iliyobaki weka kwenye lenzi. Ile 18-55 inayokuja na aparei usiidharau, ndiyo inayoingiza watu kumi kwenye foto ndani ya chumba kidogo. Tatizo lake ni tundu dogo. Lenzi ya 35mm f/1.8 inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya ile ya f/2.8, na hapa kwetu, ambapo umeme unakwenda wakati unaotaka wenyewe, hiyo si anasa. Ile ya 50 inapendwa na watu wa arusi, lakini kwenye chumba cha mita tatu utapiga mgongo ukutani kabla watu hawajaingia wote.

Mimi mwishowe niliuza ile AF-D nikanunua 40mm f/2.8 ya karibu, wanayoiita makro. Inalenga kitu kilicho sentimita 16 tu kutoka kwenye sensa iliyo ndani ya aparei, kwa hiyo samaki wa urefu wa kidole anajaza foto, na kesho yake unaitumia kwa uso wa mtoto. Kama pesa yako ni ya lenzi moja, na una samaki au maua au kazi ya mikono ya kuonyesha, ningechagua hiyo. Kama una watoto tu, chukua 35.

Flashi niliyonayo ni Yongnuo YN560. Haihesabu kitu yenyewe, unaipimia kwa mkono, lakini ni ya bei ndogo na inaweza kuwaka peke yake ikiona flashi nyingine imewaka. Jihadhari na flashi za zamani sana ambazo watu wanazitoa kwenye masanduku ya wazee wao: baadhi zinarudisha volti mamia kwenye aparei na kuiunguza. Batri zake ni nne za kawaida, nunua zinazochajiwa. Zile za aparei na za simu ni za lithiamu, na nyingi zina kobalti. Huenda ilitoka kwetu, ikazunguka dunia, nasi tunainunua tena kwa dola.

Nilirudi kwa mzee mwezi wa sita, yeye ndiye aliyeniita. Tuliosha kioo ndani na nje, tukazima taa ya chumba, tukaacha ile ya sanduku ili samaki wasishtuke. Flashi tuliilaza juu ya kipande cha kioo kilichofunika sanduku, ikiangalia chini, kama jua linavyoingia ziwani. Flashi ndogo ya aparei niliiweka kwenye nguvu ya chini kabisa, nikaikinga na karatasi ngumu ili mwanga wake upande juu tu, uamshe ile nyingine. Lenzi niliigusisha kwenye kioo, imenyooka. Ukiielekeza upande, kioo na maji vinaharibu foto. Tundu f/8, spidi 1/200, ISO 200. Nilivaa shati jeusi, kwa sababu shati jeupe nalo linajiona kwenye kioo. Tulingoja karibu saa nzima. Mzee alijua watatokea lini: "Usisogee. Huyu dume ana hasira, atakuja kukufukuza." Akaja kweli. Kila mstari unaonekana.

Kama una simu peke yake, fanya vilevile. Zima flashi, gusisha simu kwenye kioo, weka tochi juu ya sanduku.

Mzee alitaka foto mbili zichapwe: ya samaki, na ile ya mama. Sikuwa na nyingine. Kwenye duka la foto kijana wa komputa alisema ataondoa ule mwezi. Aliuondoa vizuri, ila mkono wa mama uliokuwa juu ya kioo ulitoka pamoja nao. Mzee aliangalia muda mrefu, halafu akasema, "Rudisha vile ilivyokuwa." Tukachapa tatu. Moja iko ukutani kwake, moja imekwenda Kalemie na dereva, moja iko kwangu ndani ya bahasha. Nanyi mliokimbia mfanye hivyo: karatasi tatu, nyumba tatu, hata kama simu ina nafasi. Simu inaibiwa.

Na foto za watoto wenu zisiwekwe mtandaoni pamoja na jina la mahali mnapolala, kama mliwakimbia watu ambao bado wanawatafuta. Mimi mwenyewe siweki uso wa mtu hapa kabla hajaniruhusu, na foto ya mama haitaonekana kwenye ukurasa huu.

Jumamosi nitakuwa uani kwa redio kuanzia saa tisa mchana, upande wa kivuli. Kupiga ni bure, kuchapa mtalipa wenyewe dukani. Anayetaka aje na kiti chake, redio ina viti viwili tu.