Kijana wetu na taa za jukwaani

Mwanetu alipomaliza kidato cha nne, tulikuwa tumekwisha kumpangia maisha. Tunaishi Kariakoo, jirani na Mtaa wa Sikukuu, na tulidhani atasimama dukani auze vitenge kama tulivyouza sisi. Yeye alikuwa na lake. Usiku mmoja, baada ya swala ya Isha, alituambia: "Baba, Mama, naomba ruhusa nikajifunze ufundi wa taa za jukwaani."

Machoni petu taa hizo zilimaanisha kumbi za muziki, usiku wa manane na Alfajiri iliyompita mtu usingizini. Tulimkatalia kwa ukali, wala hatukumuuliza lililomvutia.

Hakubishana. Akaanza kwenda kimyakimya, nasi tukajua siku aliporudi na kiganja kilichoungua. Waliompa kibarua walimpandisha kwenye fremu ya chuma bila glavu wala mkanda wa usalama, akashika taa iliyokuwa bado moto. Tukimpaka dawa tulilitambua kosa letu: kazi hakuiacha kwa katazo letu, ila aliikosa nasaha yetu.

Tulimwendea imamu wa msikiti wetu. Hakuwa na haraka ya kujibu. Alituuliza: "Taa zina kosa gani? Tazameni zinamulika nini, na kijana yuko na nani." Njiani tulikumbuka Maulidi ya Mnazi Mmoja, mashindano ya kuhifadhi Qur'ani na walima za Diamond Jubilee kule Upanga. Kote huko yupo mtu aliyefunga taa, na hatujawahi kumshukuru.

Tukamkalisha mwanetu, safari hii tukamsikiliza. Alitueleza kuwa umeme wetu ni volti 230, na kwamba taa moja ya kizamani ya wati 1,000 hula zaidi ya ampea 4. Ukichomeka tatu kwenye soketi moja ya ampea 13, umekwisha kuvuka kikomo na unakaribisha moto. Taa za LED hula umeme mchache zaidi. Alitutajia DMX512, utaratibu uliowekwa mwaka 1986, ambao kwa waya mmoja fundi huongoza njia 512 za taa. Tulitazamana. Kijana mwenye hesabu hizi kichwani tulikuwa tumemdhania mhuni.

Tuliafikiana mambo matatu. Kwanza, asome umeme katika chuo cha VETA, Chang'ombe, kabla ya kugusa tena nyaya za jukwaa. Pili, awe chini ya fundi tunayemfahamu, anayejua kwetu nasi tunajua kwake. Tatu, kabla ya kupokea kazi aulize ni shughuli gani, malipo ni kiasi gani na nafasi ya kuswali ipo wapi; penye pombe asiende. Nasi tukatimiza letu: tulizunguka naye madukani humu humu Kariakoo tukamnunulia testa, koleo, glavu za ngozi na mkanda wa usalama. Akitaka kuendelea, ipo pia TaSUBa, Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa walima ya jirani. Katikati ya shughuli upande mmoja ukazimika. Alizima swichi kuu kwanza, akabadilisha fyuzi, taa zikarudi. Watoto wakashangilia, sisi tulikuwa tukitazama mikono yake.

Si kwamba yote yamekuwa mepesi. Mwezi uliopita alikataa kazi ya usiku mmoja yenye malipo mazuri, kwa sharti lile la tatu, na kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Alihuzunika, nasi tukahuzunika naye. Ya kesho anayajua Mola. Ila sasa akitoka jioni anatuaga, anatutajia ukumbi na fundi aliye naye, nasi tunamwombea dua mlangoni. Wazazi wenzetu, mwaka mzima tuliikosa aga hiyo kwa kutouliza swali moja.