Saa Thenashara

Anayetoka Mjini kwenda Mkokotoni kwa njia ya Mahonda hupita kwanza kwenye miwa, ndipo akaiona bahari. Miwa hiyo ni ya kiwanda cha sukari, nayo husimama kandokando ya barabara kwa kitambo kabla ardhi haijaanza kuteremka kuelekea pwani ya kaskazini-magharibi, kwenye diko la samaki na bandari ya vyombo vinavyovuka kwenda Tumbatu. Wenyeji hawaoni ajabu yoyote katika mpangilio huo. Lakini yuko mzee mmoja, fundi mstaafu wa vyombo, anayekaa nyuma ya diko, ambaye kila akipanda daladala kurudi kwake huitazama miwa ile mpaka iishe. Sukari imeingia nyumbani mwake mara mbili: mara ya kwanza kwa mkewe, mara ya pili kwa paka.

Paka mwenyewe ni dume la kijivu, umri wake miaka 13, na jina lake Nahodha. Alipewa jina hilo na marehemu bibi wa nyumba kwa sababu tangu utotoni alipenda kukaa mbele, kwenye kona ya baraza, akiitazama njia. Bibi alipofariki, watoto waligawana kanga na vyombo. Paka hakuombwa na mtu. Akabaki na mzee, nao wakaishi kama wapangaji wawili wasioulizana habari.

Ulipoingia kipupwe mwaka mmoja, mzee aliona kwamba maji ya kutawadhia yanapungua ndooni. Hakuwahi kumfukuza paka kwenye maji hayo. Alisoma chuoni kwamba katika Muwatta ya Imamu Malik imepokewa kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaowazungukia watu majumbani mwao. Lakini hapo zamani Nahodha alikuwa akilamba mara mbili tatu na kwenda zake. Sasa alikuwa akiinama ndooni kama aliyetoka jangwani. Alikula sana na bado alikonda, hata uti wa mgongo ukahesabika kwa kidole. Miguu ya nyuma ilianza kulegea, akawa anakanyaga kwa vifundo badala ya vidole. Kisha, asubuhi moja, mzee akaona sisimizi wamepanga mstari kwenda kwenye kona ya mchanga ambako paka hukojoa.

Sisimizi hao aliwajua. Aliwahi kuwaona chooni miaka mingi nyuma, mkewe alipokuwa bado anadhani kiu yake ni ya joto tu. Hakungoja mtu amwambie. Alimtia Nahodha katika pakacha, akalifunika kwa shuka, akapanda gari ya Mjini.

Daktari wa mifugo alichoma ukingo wa sikio, akapata tone la damu, kipimo kikasoma milimoli 24 kwa lita. Hakuridhika na hilo peke yake, kwani sukari ya paka hupanda kwa hofu tu, na safari ndani ya pakacha ni hofu tosha. Akapima na mkojo, nao ukathibitisha. Akaeleza kwamba kisukari cha paka hufanana zaidi na kile cha watu wazima: kongosho bado hutoa insulini, lakini haitoshi, na mwili hauisikii. Huwapata zaidi madume waliohasiwa, wenye umri na kitambi. Akauliza paka analishwa nini. Mzee akasema wali kwa mchuzi wa nazi, na asubuhi mkate uliochovywa chaini. Ndivyo marehemu alivyomzoesha, naye hakubadilisha kitu.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Ini lake halikuumbwa kushughulikia wanga mwingi kwa mara moja kama ini la mtu. Wali ule, uliopikwa kwa mapenzi, ulikuwa mzigo. Ikaamriwa ale samaki na kuku, wapikwe, maana baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwake, na asile samaki peke yake siku zote. Na ikaamriwa sindano: yuniti 1 ya insulini ya muda mrefu, mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12.

Hapo saa ya Kiswahili ilimsaidia mzee kuliko saa ya ukutani. Unguja iko takriban nyuzi 6 kusini ya ikweta. Jua huchomoza na kuchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima. Saa thenashara ya asubuhi na saa thenashara ya jioni ni jina moja lenye nyuso mbili. Wapenzi wa mashairi wanajua kwamba mshororo wa mizani 16 hukatwa katikati, 8 kwa 8, na ukizidisha mahali sikio hukataa. Siku ya mzee ikawa mshororo wa saa 24, nusu kwa nusu, na kituo chake ni ncha ya sindano.

Mkono haukumtetemeka, kwa kuwa alikwisha kumchoma mkewe miaka minane. Kwanza chakula; akishakula, huivuta ngozi ya kati ya mabega juu ikasimama kama tanga dogo, huingiza sindano chini yake, husukuma, hutoa. Nahodha huendelea kujilamba. Jambo moja tu ndilo lililomtia hadhari. Insulini nyingi zinazotengenezwa kwa wanyama huwa na yuniti 40 katika mililita moja, na ya watu huwa na yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. Anayechanganya mabomba huweza kutoa dozi mara mbili na nusu bila ya kujua. Yeye alitumia insulini ya watu, aliyonunuliwa na mwanawe Dar es Salaam, na bomba la watu lenye alama za nusu yuniti, na kila mara aliliinua kwenye mwanga wa mlango na kulisoma mara mbili.

Kichupa alikiweka katika mtungi. Umeme wa Unguja ulipokatika Mei 2008 kwa takriban mwezi mzima, kisha tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, mafriji yote ya kisiwa yaligeuka makabati. Ndipo yeye na mkewe walipochukua mitungi miwili, mdogo ndani ya mkubwa, wakajaza mchanga katikati na kuulowanisha asubuhi na jioni. Maji yakikauka hubeba joto. Waya mpya wa chini ya bahari, wa megawati 100, ulipoanza kazi mwaka 2013, majirani waliisahau mitungi yao. Wake ulibaki pembeni mwa chumba, na sasa ukapata kazi tena. Kichupa kilichokwisha kufunguliwa kinastahimili humo kiasi cha mwezi, almuradi joto lisipite nyuzi 30.

Habari hazikai ndani Mkokotoni. Jioni moja jirani yake, mwanamke wa makamo yake, alisimama mbele ya baraza na kusema kwa sauti ya kusikiwa na wapita njia:

“Kaka, dawa ya watu unampa nyau? Na watoto wa watu wanaitafuta hawaipati?”

Mzee alijibu kwamba ameinunua, hakuitoa hospitali. Lakini alijua kuwa hilo halikuwa jibu la swali lililoulizwa. Swali lilikuwa zito, na mtu mwenye haki ya kuliuliza alikuwa ni yule.

Lipo neno la kusemwa upande wa pili. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, kwa majaribio yaliyofanywa juu ya mbwa, na wengi wao walikufa. Januari 1922 ikachomwa kwa mara ya kwanza kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakaribia kufa, naye akaishi miaka 13 zaidi. Kwa miongo sita iliyofuata dawa hiyo ilikamuliwa kutoka kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe, mpaka mwaka 1982 ilipoidhinishwa ile inayotengenezwa kwa vijidudu. Wanyama walitoa kabla ya kupewa. Hata hivyo, hoja hiyo haimpi dawa mtoto aliyeikosa, na mzee hakuitumia kujikinga. Alinyamaza, kwa kuwa alikuwa na deni jengine na mwanamke yule.

Ulikuwa usiku mmoja wa lile giza la miezi mitatu. Mkewe aliamka anatokwa na jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoungana. Mchana wake alikuwa amekula halua kidogo arusini, na mzee akaamini kwamba sukari imempanda. Mkewe aliponyoosha mkono kutaka kopo la sukari, yeye alilichukua akalificha juu ya kabati. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Jirani alisikia vishindo, akaja na kandili, akamtazama mgonjwa mara moja, akamsukuma mwanamume kando na kumpaka asali ufizini. “Mpe sukari kwanza,” alisema, “kisha ndiyo uulize.” Baba yake alikuwa na ugonjwa huo. Mkewe alizindukana kabla ya alfajiri, akaishi miaka mingine, na hakulitaja kopo lile hata siku moja. Alichomwomba mumewe ni kwamba liwekwe mahali anapofikia mkono wake.

Sindano ilikuwa na mwezi wa tatu pale Nahodha alipokataa chakula cha jioni. Mvua ilikuwa ikinyesha, mzee alikuwa na haraka ya sala, akasema atakula baadaye, akachoma. Saa tatu usiku alimkuta sakafuni, mboni zimepanuka, miguu inapiga hewani. Sukari ilikuwa imeshuka. Mzee aliliendea kopo, ambalo tangu usiku ule wa zamani halijahama mahali pake, akaloweka kidole, akampaka paka ufizini bila ya kummiminia kooni asije akapaliwa. Akapaka tena, na tena. Alipokaa sawa akampa kuku, akakesha naye mpaka asubuhi, kisha akaenda naye Mjini. Daktari alipunguza dozi ikawa nusu yuniti, na kumkumbusha: asiyekula hachomwi dozi kamili.

Wako paka wanaopona hata wakaacha sindano, hasa wakiwahiwa mapema. Nahodha hakufika huko. Lakini miguu ilipata nguvu taratibu, akarudi kukanyaga kwa vidole, na siku moja akapanda barazani mwenyewe. Sisimizi hawapo tena kwenye ile kona. Mzee huenda kuitazama kila asubuhi hata hivyo.

Baada ya Idi, jirani alikuja tena. Safari hii hakusimama njiani. Alibisha hodi, akakaa ukumbini, akatoa mfuko wa karatasi mkobani. Vidonge vilikuwa havimfai tena, ameandikiwa sindano, na siku mbili amekuwa akiitazama asithubutu. Alikuwa amehesabu wakati. Nje adhana ya magharibi ilikuwa bado, na Nahodha alikuwa sahanini kwake anamaliza kuku wake.

“Kaka,” alisema, “nionyeshe unavyofanya.”

Mzee alinawa mikono, akasogeza taa. Hakugusa mfuko. Alikwenda jikoni akarudi na sahani ya samaki na muhogo, akaiweka mbele yake.

“Kwanza ule, dada,” alisema.