Kilele bila daftari

Leo naomba niwasimulie Jumamosi moja, Julai 22, 2023, siku niliyokwenda Uwanja wa Mkapa bila daftari, bila kinasa sauti, na bila kile kitambulisho cha mwandishi ninachopenda kukining'iniza shingoni hata pasipo na sababu.

Ilikuwa kilele cha Wiki ya Mwananchi. Kwa wale msiofuatilia soka (mpo, nawajua), hii ni wiki ya mashabiki wa Yanga kabla msimu haujaanza. Watani wetu Simba walianza na Simba Day yao mwaka 2009, sisi tukaja na ya kwetu 2019, na tusianze kubishana hapa nani kamuiga nani. Wiki nzima wanachama wanachangia damu na kufanya shughuli za kijamii, halafu siku ya mwisho wote tunahamia Temeke. Kunakuwa na muziki, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja, kisha inapigwa mechi ya kirafiki na timu ya nje. Mwaka ule mgeni alikuwa Kaizer Chiefs kutoka Afrika Kusini.

Tulikuwa washikaji wanne, wote tuliokaa chumba kimoja Mabibo Hostel enzi za chuo. Kuna Dokta, ambaye si daktari bali mfamasia. Kuna Kolo, ambaye kama jina lake linavyosema ni Simba damu, na alidai anakuja "kuangalia Utopolo wanavyojidanganya". Na kuna Katibu, aliyekuwa anatunza hela zetu za mchele na maharage. Huyu Katibu ndiye sababu ya kuandika haya. Mimi na yeye tulikuwa hatujaongea tangu mwisho wa Mei.

Nirudi nyuma kidogo. Mei 28 mwaka huohuo Yanga ilicheza na USM Alger ya Algeria mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Klabu iliyoanzishwa 1935 ilikuwa inacheza fainali yake ya kwanza Afrika, kwa hiyo unaweza kufikiria jiji lilivyokuwa. Kabla ya mechi kukatokea msongamano mkubwa. Shabiki mmoja akafariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa. Uwanjani tukafungwa 2-1.

Mimi nilikuwa kazini. Katibu alikuwa nje kwenye ule umati, yeye na mdogo wake wa miaka 15. Walipotezana karibu saa nzima. Usiku alinipigia simu, sauti inatetemeka, akanieleza alivyomtafuta yule dogo, alivyokagua kila aliyelala chini, alivyolia mbele za watu bila kuona aibu. Nilimsikiliza kwa huruma kweli kweli. Nilipokata simu, nikafungua kompyuta.

Kesho yake yote yalikuwa gazetini. Sikumtaja jina. Niliandika "shabiki mmoja, mfanyakazi wa benki mwenye umri wa miaka 27, mkazi wa Tabata". Wenzake kazini hawakuhitaji dakika mbili kumjua. Mbaya zaidi, mama yake ambaye hakuwa ameambiwa kitu alisomewa na jirani kwamba kitinda mimba wake alipotea kwenye msongamano uliomuua mtu.

Katibu alinitumia ujumbe mmoja tu: "Nilikuwa naongea na wewe. Sikuwa naongea na gazeti."

Jamani, nilijitetea sana, peke yangu, kichwani. Kwamba sikutaja jina. Kwamba habari ile ilikuwa na faida kwa jamii. Kwamba mhariri alinipongeza, na ni kweli alinipongeza. Chuoni tulifundishwa kumlinda mtoa habari, na mimi nikajiambia nimemlinda. Ukweli ni kwamba nililinda jina, mtu mwenyewe nikamwacha nje. Juni 3 tulipowafunga Waarabu 1-0 kwao Algiers na bado tukakosa kombe kwa sababu ya bao la ugenini, mechi ambayo kwa kawaida tungeitazama wote tukipigiana kelele, niliitazama ofisini nikiwa na chipsi zilizopoa.

Basi bwana, Dokta akatuchezea mchezo. Akanunua tiketi nne za mzunguko, akaniambia tunakwenda watatu. Katibu naye akaambiwa hivyohivyo. Tukakutana kituo cha Uhasibu saa tano asubuhi, na nilipomwona amesimama pale na jezi yake ya kijani, nikatamani daladala irudi nilikotoka. Pembeni yake alikuwepo yule dogo, ana tiketi yake mkononi. Mama alikuwa ametoa ruhusa kwa sharti moja: wawe wameshaketi kabla ya saa saba.

"Leo umekuja kama nani?" Katibu akaniuliza.

"Kama Mwananchi," nikasema. Kolo akaguna. Ndiyo yakawa mazungumzo yetu yote hadi getini.

Foleni ilikuwa ndefu lakini inatembea. Dogo alikuwa ameshika mkanda wa kaka yake. Tulipokaribia geti watu wakaanza kubanana, si vibaya, kawaida tu ya siku kubwa, lakini nikamwona Katibu anatoka jasho ambalo halikuwa la jua. Akanigeukia bila kunitazama usoni. "Mshike mkono huo mwingine."

Nikamshika. Tukaingia hivyo, watu watatu kama watoto wa chekechea wanaovuka barabara, hadi tukafika kwenye viti.

Ndani ilikuwa raha. Msimu uliokuwa umepita tulichukua Ngao ya Jamii, Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani na ubingwa wa ligi, kwa hiyo kila mtu alikuwa na cha kusema na Kolo alikuwa peke yake. Tulimkumbusha na habari ya Jonas Mkude, aliyekaa Simba miaka mingi na msimu huo akavuka kuja kwetu. Akasema tumeokota walichotupa. Tukacheka mpaka muuza karanga naye akacheka.

Kuelekea mapumziko Kennedy Musonda akafunga. Ilikuwa miaka miwili tangu nipige kelele uwanjani, maana jukwaa la waandishi mtu hushangilii. Niliruka. Katibu akanikumbatia, halafu akakumbuka kwamba tumenuniana, akaniachia taratibu. Kolo naye alikuwa amesimama. Alisema alikuwa ananyoosha miguu.

Wakati wa mapumziko Dokta na Kolo walimchukua dogo kwenda kutafuta maji. Walikaa muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji.

Nikasema, "Nilikukosea."

Katibu alikuwa anatazama uwanja mtupu. "Ungeniuliza, labda ningekubali," akasema. "Lakini ungeniuliza."

Sikuwa na la kuongeza. Nilishazoea kuwauliza watu swali la pili na la tatu, siku ile nikanyamaza. Wenzetu wakarudi na maji, mechi ikaisha 1-0.

Katibu alitaka tusubiri watu watoke kwanza, kwa hiyo tulibaki vitini mpaka zimebaki chupa tupu na sisi watano. Dogo akaniuliza, "Bro, na hii utaiandika?" Wote wakanitazama. Nikajibu kwamba mwenye ruhusa ni kaka yake.

Ruhusa ilichukua muda mrefu kuja, na sikuisukuma. Ilipokuja ilikuwa na masharti: asome kwanza, na dogo asome, na mama asomewe. Wamesoma. Mama hakupinga kitu. Dogo amelalamika kwamba habari za kushikwa mkono zinamdhalilisha, ila ameziacha. Katibu amefuta sentensi mbili, na sitawaambia zilisema nini. Ameagiza pia niongeze kwamba chini ya uongozi wake maharage ya Mabibo hayakuwahi kukosa nazi.

Si kweli, lakini nimeongeza.