Mlango Mmoja wa Paina



Kila anayeingia ukumbini kwangu hapa Mbeya huuliza swali lile lile: kabati zuri namna hii, la mninga mtupu, imekuwaje likawa na mlango mmoja wa paina? Wengine hawaulizi, wanalitazama tu kisha wanatazamana. Leo nawaeleza, maana hata mama yangu kule Wete nilimjibu kwa mkato na akanuna.

Mwenzenu nina maradhi ya vitu vya zamani. Nilihamia huku kumfuata baba watoto miaka 7 iliyopita, mwezi wa sita. Kama hujawahi kuukuta mwezi wa sita wa Mbeya ukiwa umetoka Pemba, basi shukuru. Maji ya kutawadhia alfajiri yanauma kama pilipili. Nilijifungia ndani wiki 3, na nilichokuwa nakikumbuka zaidi, mtashangaa, haikuwa bahari. Lilikuwa kasha la bibi.

Kasha lile lilikuwa na nakshi za misumari ya shaba, droo 3 chini, na ndani upande wa kushoto kisanduku cha siri ambacho wajukuu wote tulikijua. Makasha ya namna ile mengi yalifika kwetu kwa majahazi kutoka India, na mengine yakatengenezwa pwani kwetu kwa kuigwa. Bibi alitia humo kanga ambazo hazijavaliwa, hati ya shamba la mikarafuu na udi. Ukifungua, harufu inakupokea kabla ya macho.

Alipofariki, wajomba walileta mnunuzi kutoka Unguja. Mama alikuwa skuli anasomesha. Aliporudi alikuta alama 4 za miguu ya kasha sakafuni. Sehemu ya binti kwenye mirathi imetajwa ndani ya Qur-ani, haingoji hisani ya kaka, lakini siku ile hakuna aliyefungua msahafu. Mama hakusema kitu. Alichukua tambara akapiga deki. Miaka baadaye nilipita Mji Mkongwe nikaliona kasha linalofanana nalo kwenye duka la watalii, bei imeandikwa kwa dola. Sikuingia ndani. Ningeingia ningefungua kile kisanduku cha kushoto.

Basi huku Mbeya nilianza na pasi. Mwanjelwa nilimkuta kijana anayenunua vyuma chakavu, kwenye lundo lake ipo pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye komeo, anasubiri kuipima kilo iende ikayeyushwe. Nikampa shilingi 6,000, akanicheka. Baada ya pasi ikaja karabai, kisha miguu ya chuma ya cherehani ambayo juu yake nimeweka ubao na sasa ndiyo meza ya watoto ya kusomea. Baba watoto alivumilia mpaka hapo.

Halafu nikavijua vyungu vya Wakisi. Hivi vinatoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, vijiji kama Ikombe, na wanaovifinyanga ni wanawake, kwa mikono, bila gurudumu la umeme wala la mguu. Vinachomwa hewani, vinapangwa kwenye mitumbwi, vinashushwa sokoni Lyulilo siku ya Jumamosi, na kutoka hapo utavikuta Tukuyu, Mbeya na mbele zaidi. Mimi ninacho kimoja kikubwa cha maji. Udongo ule unapumua, unatoa jasho kwa nje, na ndiyo maana maji ya ndani yanakaa baridi bila friji. Ila nawatahadharisha: mtu akikuuzia chungu kwa bei ya "cha zamani sana", usikimbilie. Chungu kikikaa juu ya kuni mwezi mmoja kinaonekana babu.

Ugonjwa hasa ulinishika Iringa. Tulikwenda kwa shughuli za baba watoto, nikawapeleka watoto Makumbusho ya Boma, yale yaliyofunguliwa 2016 ndani ya jengo la enzi za Wajerumani. Wao walichoka baada ya nusu saa. Mimi nilisimama mbele ya vikapu. Vikapu vya Iringa mnavijua, vile vya milulu ambavyo siku hizi vinauzwa mpaka Ulaya, watu wanawekea maua. Kumbe mama wa Kihehe alikuwa navyo vya nafaka, vya unga, na vingine vya kuchujia pombe. Nilipofika kwenye hicho cha pombe nikawaambia watoto twendeni.

Siku hiyo hiyo, kwa muuza samani zilizotumika kando ya barabara, nililiona kabati. La vyombo, juu vioo, katikati droo 2, chini milango 2 ya mbao. Dada zangu, ukitaka kununua kitu cha zamani usitazame mbele. Mbele hupakwa vanishi kwa ajili yako. Vuta droo, igeuze, tazama tumboni na mgongoni, kule ambako fundi hakutegemea mtu atatazama. Mimi niliona alama za randa ya mkono, si za mashine. Pembe za droo zimekatwa meno yakaingiana kama vidole vya mtu anayeomba radhi, bila msumari. Mgongo ni mbao, si plaiwudi. Nikatafuta vitundu vya dumuzi: vilikuwepo vichache, lakini havitoi unga, maana yake mdudu kashakufa au kahama. Shilingi 280,000, na 40,000 za kulipandisha kwenye fuso mpaka Mbeya.

Fundi wangu alikuja na msasa. Alianza na mlango wa chini wa kulia, akaufungua, akasema, "Mama, huku ndani pameandikwa."

Yalikuwa majina 7 kwa penseli, moja chini ya lingine, kila moja na tarehe. La kwanza 1968, la mwisho 1983. Majina mawili yalikuwa na alama ndogo ya msalaba pembeni, na tarehe ya pili. Nikazisoma tarehe hizo mbili. Mmoja aliishi miezi 5, mwingine miaka 2.

Fundi akauliza, "Nipige?" Nikamwambia aweke msasa chini, leo hakuna kazi, na nauli yake nitamlipa.

Nilimpigia yule muuzaji wa Iringa. Kwanza akasema hajui, kisha akasema kalitoa kwenye msiba, kisha akasema wanaume wa upande wa marehemu ndio waliouza, "mama yupo, lakini hakuwepo." Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Yupo, lakini hakuwepo. Kama mama yangu.

Baba watoto alikuwa na hoja yake na si mbaya. "Umelinunua kwa pesa zako, mchana kweupe, una risiti. Ukianza kutafuta kila kitu cha zamani kilitokaje kwa mwenyewe, utarudisha nyumba nzima." Nikampigia ustadhi aliyenisomesha Pemba, nikidhani atanipa fatwa ndefu. Akaniuliza tu: "Aliyeuza, kilikuwa chake?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda ukajue."

Nilimkuta Kihesa, kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nilimwamkia "Kamwene" kwa Kihehe changu cha kuokota, akacheka, akanijibu, akaniita mwanangu. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Hakutazama kabati, aliukuza ule mlango kwa vidole viwili, akasoma majina yote kwa sauti, na yale mawili alikaa nayo zaidi.

"Mwandiko wa baba yao," akasema. "Mimi sikusoma."

Akaniambia shemeji zake walisema limeuzwa laki moja, na yeye walimpa 20,000. Akaniambia pia lilivyofika kwake, na hapa ndipo nilipoinamisha kichwa. Mumewe alilinunua kwa familia ya Kihindi pale mjini, baada ya Serikali kutaifisha majengo mwaka 1971. Walikuwa wanaondoka, wanauza haraka haraka. Mama wa nyumba ile alilifuta kabati kwa upande wa sari yake kabla halijabebwa, kisha akamkabidhi yeye ufunguo, si mumewe. "Tulilipata kwa bei ya kuku," akasema. "Nilifurahi sana siku ile. Sikumfikiria yule mama mpaka juzi, na mimi walipolibeba la kwangu."

Kwetu Zanzibar nako, baada ya 1964, makasha na samadari nyingi zilibadilisha nyumba, na wakubwa hawapendi kulizungumza. Nilikaa pale nikajiuliza kasha la bibi lenyewe lilikuja kwetu vipi. Hakuna aliyewahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza.

Nikamwambia bibi nitalirudisha. Akazungusha mkono kuonyesha chumba: kitanda, jiko, ndoo, begi. "Utaliweka wapi, mwanangu? Juu yangu?" Akafikiri. "Hao wawili hawana picha. Hakukuwa na picha wakati ule. Niletee mlango."

Kwa hiyo fundi alifungua bawaba, nikaufunga mlango kwenye blanketi, nikapanda nao basi kutoka Mbeya, Makambako, Mafinga mpaka Iringa, umelala miguuni kwangu. Kondakta alitaka kunitoza mzigo. Nilibeba pia 80,000. Bibi alizikataa, akidhani ni sadaka. Nikamwambia si sadaka, ni bei: mali iliuzwa na yeye hakulipwa, na mimi ndiye ninayeitumia. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Baba watoto anasema nimelinunua kabati mara mbili na mlango nimekosa. Hesabu yake ni sahihi. Shemeji zake bibi sijawatafuta, hilo ni la wanawe, na mmoja wao nimesikia ameanza kuulizia mahakamani.

Fundi alinitengenezea mlango mwingine wa paina, kwa kuwa paina huku Nyanda za Juu ndiyo mbao rahisi, na mninga mkavu wa kutosha hakuwa nao. Masika umevimba, haufungi mpaka uupige goti. Kiangazi unasinyaa, unaacha mwanya wa kupita kidole. Aliahidi kuubadilisha akipata mbao nzuri, nami sijamkumbusha.

Jumamosi hii napita Iringa tena. Bibi ameniagiza kilo 5 za mchele wa Kyela, na amesema atauonja ubichi kwanza mbele yangu, maana wafanyabiashara wa Mbeya anawajua, wanachanganya.