Umechokea Wapi?

Kiswahili humdai mchovu ushahidi. Mtu asemapo "nimechoka", ile -me- iliyomo ndani ya neno hudokeza kwamba kuna jambo lililotendeka: amelima, amesafiri, amekesha. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa Mbeya, alipokuwa akilitamka neno hilo saa moja ya asubuhi, wifi yake alimjibu kwa upole wenye mwiba: "Wifi, umechokea wapi, na kitanda bado kina joto?"

Hakuchokea popote. Alizaliwa Makete, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa kabla ya kuingizwa katika Mkoa wa Njombe mwaka 2012, juu milimani ambako mvua za karne nyingi zimeyaosha madini joto kutoka udongoni. Viazi vya huko ni vitamu mno, walakini kiazi hakiwezi kubeba kile ambacho udongo hauna. Rovu lilikuwa la kawaida shingoni mwa watu hata likahesabiwa kuwa sehemu ya umbo. Katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 ikaamriwa kuwa chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Kwake yeye, dawa ilifika rovu limekwisha kukomaa. Ukubwani alipasuliwa Iringa, tezi yote ikaondolewa.

(Msomaji wa visiwani asidhani kwamba bahari humkinga mtu kwa kuitazama tu. Wapimaji walipokwenda Unguja na Pemba mwanzoni mwa miaka ya 2000, walilikuta rovu kwa watoto wa shule, na Pemba likizidi.)

Tangu hapo kila alfajiri humeza kidonge cha thairoksini. Kwa miaka kadhaa alikimeza kwa chai ya maziwa, kwani ni nani wa nyanda zile aanzaye siku bila chai? Hakuwa amefahamishwa kwamba maziwa na chai huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Muuguzi mmoja ndiye aliyemwelekeza ameze kwa maji matupu, kisha angoje saa nzima. Nafuu ikaja, ila haikufika mwisho wa safari. Akapimwa wingi wa damu, haikupungua. Maabara ikapima ile amri inayotoka katika tezi ndogo chini ya ubongo kuihimiza tezi ya shingo. Ikawa ya wastani. Daktari akaandika: kawaida.

Neno hilo lilimuumiza kuliko kisu cha Iringa. Cheti alichotaraji kimtetee kikageuka shahidi wa upande wa pili, na shuleni, ambako awali walisema mgonjwa, wakaanza kusema mvivu. Yeye mwenyewe, usiku, aliwahi kuwaamini.

Hali yake ina wenziwe duniani kote, ijapokuwa ni wachache miongoni mwa wanaomeza dawa hiyo. Homoni iliyo katika kidonge ina atomi nne za madini joto, na sharti mwili uing'oe moja ndipo ipate nguvu kamili. Tezi iliyo hai hutoa pia kiasi kidogo cha ile ya atomi tatu iliyokwisha kuwa tayari. Kidonge hicho hakitoi. Wako waganga wanaodhani kwamba siri ya uchovu imo katika pengo hilo, na wako wanaokataa. Ubishi wao ni halali. Kisicho halali ni kumwambia mtu kwamba hachoki kwa sababu karatasi haikuchoka.

Siku hizi wifi amebadili swali. Asubuhi, akiwa mlangoni, huuliza: "Wifi, leo umeamka na kiasi gani?" Naye hujibu kwa sado, lile kopo la rangi ambalo sokoni hupimia viazi na maharage: sado moja, robo tatu. Juzi alisema nusu. Wifi hakuongeza neno. Alichukua ndoo zote mbili akashuka nazo bombani.