Mwenye Kushika Mfuko

Miongoni mwa wale Thenashara, aliyeshika mfuko alikuwa Yuda Iskariote. Wazee wenzangu walinikumbusha hilo kwa utani siku baraza liliponichagua kuwa mtunza hazina wa usharika, na utani wenyewe haujachuja mpaka leo. Mimi niliuchukua kwa uzito kuliko walivyokusudia. Yohana anaeleza bila kuficha kwamba Yuda alikuwa mwizi, akijichukulia yaliyotiwa mfukoni. Hatusomi popote kwamba wenzake waliwahi kumdai hesabu. Mahubiri juu ya Yuda nayasikia kila Kwaresima. Juu ya wale kumi na mmoja walioacha mfuko mikononi mwa mtu mmoja, bado sijayasikia.

Usharika wetu ni wa Kilutheri, uko upande wa kusini wa Kilimanjaro, pale migomba inapoanza kuzificha nyumba. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, kimojawapo cha vyama vya KNCU, ule ushirika ulioanza mwaka 1933. Leja, vocha, stakabadhi na kufunga mwezi nilivijua. Nilichokuja kujifunza kanisani ni kwamba pesa ya kahawa ina mwenyewe. Mkulima akiona kilo zake zimepungua atasimama dirishani pako mpaka jioni, na kesho atakuja na mjomba wake. Sadaka ikishaingia kikapuni haina wa kuidai. Aliyeitoa amemtolea Mungu, na Mungu haji dirishani.

Hapo ndipo uwakili unapoanza, na hapo ndipo mafundisho yetu mengi yanapoishia. Semina ya uwakili ikifika tunaletewa mwalimu mgeni, naye anafundisha utoaji: Malaki sura ya 3, fungu la kumi, malimbuko. Sina ugomvi naye, maana bila utoaji mwinjilisti hali. Lakini nikisoma Luka 16, wakili ni mtu aliyeitwa na tajiri wake alete hesabu ya mali isiyo yake. Katika Mathayo 25 watumwa watatu wanakabidhiwa talanta, bwana anasafiri, na baada ya muda mrefu anarudi kuhesabiana nao. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata yule aliyepewa moja, akaenda kuifukia, alishikishwa ujira wa karibu miaka ishirini. Habari zote mbili zinawahusu wanaoshika. Basi zikisomwa, jicho la msharika mwenye bahasha lina haki ya kugeuka lituangalie sisi wa meza ya kuhesabia.

Meza yenyewe iko hivi. Baada ya ibada ya pili vikapu vinaingia ofisini vikisindikizwa na watu wawili. Tunakaa wanne: wazee wawili wa zamu, mtu mmoja kutoka jumuiya ambayo mwezi huo ni zamu yake, na mimi. Mchungaji haingii, utaratibu huo aliuweka yeye mwenyewe alipohamia, nami nilimheshimu tangu siku hiyo. Noti za elfu kumi zinapangwa peke yake, za tano, za mbili, za moja, halafu sarafu. Kikapu cha watoto wa shule ya Jumapili ndicho kinachochukua muda, kwa sababu ni hamsini hamsini na mia mia, nyingine zimefungwa kwenye kona ya kitambaa na mama aliyejua mtoto ataidondosha. Kila mmoja akimaliza fungu lake anampa jirani, naye anahesabu upya. Zikilingana, jumla inaandikwa kitabuni kwa tarakimu na kwa maneno, wanne tunasaini. Hakuna anayetoka hata kwenda kunywa chai kabla ya saini yake. Jumatatu pesa inakwenda benki yote. Hatumlipi fundi wala kununua divai ya meza ya Bwana kutoka kikapuni, hata fundi akiwa amesimama mlangoni, maana kikapu kikianza kulipa mafundi, benki itapokea masalia na hakuna atakayejua kilichoingia kilikuwa kiasi gani. Jumapili inayofuata kiasi kinasomwa katika matangazo mpaka shilingi ya mwisho.

Wapo wanaosema utaratibu huu ni wa watu wasioaminiana. Ningewaomba wafungue 2 Wakorintho sura ya 8. Paulo, mtume, alikuwa anapeleka mchango wa makanisa kwa maskini wa Yerusalemu, na hakukubali uende mikononi mwake peke yake: alimtuma Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na akasema sababu, kwamba hakutaka apatikane wa kuwalaumu. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mtunza hazina wa mlimani asiyewahitaji ni nani?

Baada ya ibada tunatoka nje kwenye mnada. Asiye na pesa huleta alichonacho: mkungu wa mshare, trei ya mayai, galoni la maziwa, jogoo aliyefungwa miguu, ndoo ya parachichi. Vinauzwa pale pale kwenye ngazi za kanisa. Dalali wetu, mwalimu mstaafu, anajua nani amepokea pensheni na nani ana mgeni kutoka Dar es Salaam, na bei anaipandisha kulingana na taarifa hizo. Nimeona yai moja likinunuliwa kwa bei ya kuku. Nimeona mtu akinunua mkungu, akalipa, akasema urudi mnadani. Ukauzwa tena, na mnunuzi wa pili akaagiza upelekwe kwa bibi asiyetoka kitandani. Mkungu mmoja, mapato mara mbili, na mgonjwa akapata mtori.

Kwa mwenye leja, furaha hiyo ina tabu yake. Watu hutaja bei wakiwa wamechangamka, kisha ni "nitaleta wiki ijayo, mama". Kwa hiyo karani wa mnada anaandika kitu, aliyekileta, aliyekinunua, bei, na kilicholipwa papo hapo. Safu ya aliyekileta niliiongeza mimi. Zamani iliandikwa tu "ndizi, elfu tano", na pesa ikahesabiwa kuwa ya mnunuzi, kana kwamba yule mama aliyepanda na kubeba mkungu kichwani hakutoa chochote.

Safu hiyo ilinifunulia jambo. Huku kwetu kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa vya mama. Ahadi ya mwaka iliandikwa kwa jina la baba, ikalipwa msimu wa kahawa, chama kilipotoa malipo. Mwaka 1989 ule mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa soko la kahawa kwa nchi ulivunjika, bei ikaanguka, na miaka iliyofuata nikiwa bado nyuma ya dirisha la chama niliwaona wanaume wazima wakiikunja karatasi ya malipo bila kuisoma. Wengine waling'oa mibuni. Vitabu vya usharika vya wakati ule viko kabatini mwangu: ahadi za kina baba zinakonda ukurasa hadi ukurasa, mnada unaendelea. Kanisa hili lililishwa na migomba ya kina mama miaka ambayo orodha ya watoaji haikuwa na jina la mwanamke ila mjane. Siku hizi kila aliyepata kipaimara ana bahasha yake yenye namba, mke na mume kila mtu na yake. Baba mmoja alilalamika kwamba namvunjia nyumba. Nyumba yake ipo.

Juu ya bahasha nina neno jingine, na najua baadhi ya wazee hawalipendi. Ahadi si deni. Kuna mahali msharika akifiwa, kitu cha kwanza kuulizwa ni kama ahadi imelipwa. Kadi inafunguliwa kabla ya pole kutolewa. Mimi kitabu cha bahasha sikitoi ofisini kwa ajili ya maziko, wala kwa ajili ya harusi. Mtu aliahidi akiwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja amekufa, mwingine ameuzwa kumpeleka mtoto hospitali ya KCMC. Uwakili wake mwaka huo ulikuwa kumtibu mtoto. Nani alimkabidhi mtoto yule kama si yule yule anayepokea bahasha?

Simu zimeleta mambo yake. Tuna namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la usharika, na tulikaa vikao virefu kukataa isisajiliwe kwa jina la mtu, hata awe mwadilifu namna gani, maana watu wema pia hufa, na laini ya marehemu ni kesi. Walioko mjini hutuma sadaka, wengine wanaongeza "na ya kutolea", ingawa haihitajiki. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 vijana wengi walirudi kwenye noti kwa muda. Kila mwisho wa mwezi tunachapisha taarifa ya namba hiyo na kuilinganisha na kitabu mstari kwa mstari, tena wanne. Ni kazi ya kuumiza macho, na hakuna kwaya inayoimba wakati inafanyika.

Desemba ndiyo tunajaa. Wachagga tunataniwa kwamba Krismasi tunapanda mlimani kuhesabiwa. Kama ni hivyo, mimi ndiye karani wa sensa. Magari yanafika mpaka kwenye mgomba wa mwisho, ibada zinaongezwa, na sadaka ya wiki mbili inazidi ya miezi. Hapo kishawishi si cha wizi tu. Kikubwa zaidi ni cha kupanga mwaka mzima kwa macho ya Desemba: mnara wa kengele, vigae, kapeti jekundu. Halafu Mei mvua inanyesha, barabara imekatika, vikapu vimekuwa vyepesi, na fundi anadai.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na kazi ya kila siku ikabebwa na walimu na wazee wenyeji. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT. Nayataja haya kwenye baraza kila mtu anaposema "kanisa letu" kwa sauti ya mwenye kiwanja. Tumelikuta, na wanaotufuata watalikuta kwetu, pamoja na vitabu vyake.

Ukuta wa jengo la kanisa tunalojenga sasa umekamilika na tunataka kuezeka. Fedha za jengo zimepungua. Kikao kilichopita lilitolewa wazo tukope kwenye fungu la diakonia, lile linalolipa sare na madaftari ya watoto yatima na dawa za wazee, tulirudishe Krismasi. Hoja ilikuwa nzuri: bati zinapanda bei, mbao zitaoza, Krismasi haiko mbali. Nilisema fungu lile washarika walilitoa wakijua linakwenda wapi, na kama tunataka kulihamisha, tuwaulize katika mkutano mkuu, kwa sauti, siku ya matangazo. Mzee mmoja aliniuliza kama nadhani Mungu anakataa nyumba yake iezekwe. Nilimjibu kwamba paa la Mungu likichelewa Mungu halowi, na Januari shule zikifunguliwa yupo mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu. Wakacheka, lakini hatukukubaliana.

Vocha imeandikwa hata hivyo, na imeletwa mezani kwangu ikiwa na saini ya mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Inahitaji saini ya pili. Mchungaji anajua, na mkutano mkuu umetangazwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Muuza bati nimempigia simu, nimemwambia kama ana mteja mwingine amuuzie.