Kukaa Nyumbani Tu

Claudia Goldin, profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Alichunguza kazi za wanawake wa Marekani kwa kipindi cha miaka 200. Aligundua kwamba wengi waliolima au kufanya biashara pamoja na waume zao waliandikwa katika sensa kuwa "mke" tu. Kazi yao haikuhesabiwa.

Nilimfikiria mama yangu kule Masaka. Yeye hupalilia kahawa, huichuma na kuianika, baba huiuza. Karo yangu imetoka humo, lakini majirani husema mama hana kazi. Sasa mchumba wangu anataka nikiolewa nikae nyumbani tu. Nimemwambia: tangu nizaliwe, sijamwona mama amekaa tu.